Karibu na neti: miguu ikae wapi katika pikoboli ya wawili wawili

Pointi nyingi za pikoboli ya wawili wawili, mchezo wa vibao na mpira wa plastiki, huisha kwenye ukanda mwembamba ulio nyuma ya mstari wa jiko, yaani mpaka wa lile eneo la karibu na neti ambamo hairuhusiwi kupiga mpira kabla haujadunda. Mgeni wa mchezo hulaumu mkono: mpira umegonga neti, mpira umepaa, mpira umetoka. Mtazame miguu. Utakuta mpira ulimfikia akiwa bado anakimbia, au amejipanga nusu ya uwanja, mahali ambapo kila pigo la mpinzani linatua kwenye kamba za viatu vyake. Mwongozo huu ni wa anayejua tayari kuanzisha mpira na kuhesabu alama, na sasa anataka kujua asimame wapi, asogee lini, na lini arudi nyuma bila kuona haya.

Pima uwanja kwanza

Uwanja utakaoupata Kisumu, Kakamega au Nakuru huenda haukuchorwa kwa ajili ya pikoboli. Si hoja. Uwanja wa pikoboli ni futi 20 kwa 44, yaani mita 6.10 kwa 13.41, sawasawa na badminton ya wawili wawili, na si sadfa: mchezo wenyewe ulianza mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, Marekani, juu ya uwanja wa badminton. Kwa hiyo ukumbi wa badminton ukipatikana, mistari ya pembeni na ya nyuma kabisa unayo tayari.

Mtego uko mbele. Mstari wa mbele wa badminton uko mita 1.98 kutoka neti, ilhali jiko la pikoboli linafika mita 2.13. Tofauti ni sentimita 15, upana wa kiganja kilichokunjuliwa hivi, lakini anayezoea mstari wa badminton anazoea kusimama ndani ya jiko. Chukua tepu ya kupimia, anza chini ya neti, weka alama kwenye mita 2.13 pembeni kulia, pembeni kushoto na katikati, kisha bandika tepu ya karatasi ya mafundi wa rangi yenye upana wa sentimita 5. Ukingo wake wa nje, ule wa upande wako, ndio ukae kwenye mita 2.13, kwa sababu mstari wenyewe ni sehemu ya jiko. Rudia upande wa pili.

Neti nayo iwe sentimita 91 kwenye mistari ya pembeni na 86 katikati. Neti ya badminton hufungwa juu ya mita moja na nusu, kwa hiyo ishushe, na usishtuke ikikaribia kugusa sakafu. Kina chake ni sentimita 76. Kwenye uwanja wa tenisi, legeza neti kidogo kisha kaza ule ukanda wa katikati mpaka upate 86. Pembeni itabaki juu kuliko inavyotakiwa, na hilo ukumbuke unapolenga: katikati ndiko mlango uliko.

Kama ni saruji ya shule, fagia mita moja nyuma ya mstari wa jiko kabla ya kila mchezo. Vumbi la Nakuru halionekani mpaka mguu uteleze.

Sheria ya jiko, kwa ufupi

Wengi husema hairuhusiwi kuingia jikoni. Si kweli. Unaruhusiwa kuingia wakati wowote, hata kukaa humo ukitaka. Kinachokatazwa ni kupiga voli, yaani mpira ambao haujadunda, huku sehemu yoyote ya mwili wako au kitu ulichovaa au kushika inagusa jiko au mstari wake. Pia, ukipiga voli ukiwa nje halafu kasi ya mwili ikakusukuma ndani, ni kosa, hata kama mpira umeshakufa upande wa pili na wapinzani wameanza kupongezana. Kofia ikidondoka jikoni kwa nguvu ya hiyo voli, kosa. Na ukiwa umeingia kuchukua mpira uliodunda, lazima miguu yote miwili iguse sakafu ya nje kabla hujapiga voli nyingine. Kuruka kutoka ndani na kupiga hewani hakukuokoi.

Vidole vitatu nyuma ya mstari

Mahali pa kusimama ni nyuma ya mstari wa jiko, ncha za viatu zikiwa sentimita 5 hadi 8 kutoka ukingoni: upana wa vidole vitatu au vinne. Si nusu mita. Wachezaji waoga husimama nusu mita nyuma wakidhani wanajipa muda wa kuona, na kweli wanapata muda, lakini wanapoteza vitu viwili vyenye thamani zaidi. Kwanza, mpira ambao ungeupiga ukiwa juu ya neti unaufikia ukiwa umeshashuka, kwa hiyo unalazimika kuupiga kwenda juu, na mpira unaokwenda juu ni zawadi. Pili, unampa mpinzani kipande cha sakafu mbele ya miguu yako cha kulenga. Ukiwa umebana mstari, kipande hicho hakipo. Mpira mfupi unadunda jikoni ambako unaufikia kwa hatua moja.

Mwenye mikono mirefu anaweza kukaa sentimita 15 nyuma na asipoteze kitu. Mfupi abane.

Miguu ipanuke kuliko mabega kidogo, magoti yakunjwe, uzito ukae kwenye nyayo za mbele, visigino vikiwa vyepesi lakini si hewani. Kibao kikae mbele ya kifua, si kando ya paja, kikielekea kidogo upande wa bekihendi, yaani pigo la upande wa nyuma ya kiganja, kwa sababu mpira unaokuja kifuani au nyongani hupigwa kwa bekihendi. Kwa forihendi, pigo la upande wa kiganja, kiwiko hapo kinakukwama. Baada ya kila pigo kibao kirudi kifuani. Ukijikuta unapigwa tumboni mara kwa mara, tatizo si kasi ya wapinzani. Kibao chako kimelala.

Na viatu: vya tenisi, badminton au voliboli. Viatu vya kukimbilia vina soli nene inayokuvuta kwenda mbele, na mwendo wa hapa ni wa pembeni. Kifundo cha mguu kinapinduka kirahisi sana.

Kufika kwenye mstari ni kazi yenyewe

Toka mstari wa nyuma hadi mstari wa jiko ni mita 4.57. Hatua nne au tano. Makosa mengi yamo humo.

Upande unaopokea una nafuu. Mwenza wa mpokeaji anasimama kwenye mstari wa jiko tangu mwanzo. Mpokeaji anakaa hatua moja nyuma ya mstari wa nyuma, anarudisha mpira mrefu na wa juu kiasi, kisha anafuata. Urefu wa pigo hilo ndio unaomnunulia muda. Mpira wa kasi unaotua nusu uwanja unarudi kabla hajapiga hatua ya pili. Ukiona mwenzako anarudisha kwa nguvu halafu kila mara anakamatwa njiani, mwambie apunguze kasi na aongeze urefu.

Upande unaoanzisha hauna nafuu hiyo. Mpira wa kurudishwa lazima udunde kwanza, kwa hiyo wote wawili wabaki nyuma, kama sentimita 30 hadi 50 nje ya mstari wa nyuma. Mwenza wa mwanzishaji ndiye hujisahau: anasogea ndani akisubiri, mpira mrefu unamtua miguuni, na hawezi hata kuupiga voli.

Sasa pigo la tatu, yaani la kwanza lenu baada ya mpira kurudishwa. Likiwa dropu nzuri, yaani mpira unaovuka neti ukiwa tayari unashuka na kutua jikoni kwao, sogeeni. Likipaa, msisogee, mtapigwa njiani. Ni hilo tu. Mpigaji anajua ubora wa pigo lake mpira unapotoka kwenye kibao, kwa hiyo yeye ndiye aite: "Twende!" au "Subiri!" Mwenzake asianze kukimbia kwa matumaini.

Kanuni ambayo watu huikubali kwa mdomo na kuikataa kwa miguu ni hii: mpinzani anapogusa mpira, wewe uwe umesimama. Popote ulipo. Anapoanza kupeleka kibao mbele, kita miguu yote miwili kwa pamoja, magoti chini, kibao kifuani. Mwili unaokwenda mbele hauwezi kugeuka kushoto. Unaweza tu kuendelea mbele na kuangalia mpira ukipita. Kusimama nusu ya njia ukiwa umetulia ni salama kuliko kufika mstarini ukiwa bado unateleza. Zuia mpira huo kwa kibao kilicholegea, urudi chini jikoni kwao, ndipo umalizie safari. Safari moja inaweza kuwa na vituo viwili au vitatu.

Tazama pointi moja taratibu. Wapinzani wameanzisha, mpokeaji ni mwenzako, yuko kulia nyuma. Wewe uko kushoto, umebana mstari. Anarudisha mpira mrefu katikati yao. Anapokimbia, nafasi iliyo wazi ni ile iliyo mbele yake, kwa hiyo geuza nyonga kidogo kuelekea katikati na usogeze mguu wa kulia kama sentimita 40. Mpinzani anavuta kibao. Mwenzako anakita miguu, bado nusu mita kufika mstari. Dropu inakuja upande wake, inadunda jikoni. Anaingiza mguu mmoja, anaisukuma polepole kwenye kona iliyo mbele yake, anausukuma mguu nyuma. Mpira uko kwenye kona hiyo, upande wenu wa kulia. Nyote mnahama kulia: yeye anabakisha urefu wa mkono na kibao mpaka mstari wa pembeni, wewe mguu wako wa kulia unafika mkabala na mstari wa kati. Kushoto kwako pamebaki wazi. Pawe wazi.

Mwachie kona ya mbali

Hapo ndipo wengi hugoma. Kuacha mita mbili za uwanja bila mtu kunauma moyo. Lakini fikiria mpinzani aliye kwenye ile kona anaweza kufanya nini. Pigo la moja kwa moja kupitia mstari wa pembeni ni fupi na la haraka, mwenzako analizuia. Katikati neti iko chini kwa sentimita 5 na nafasi ni kubwa. Wewe uko hapo. Lililobaki ni mshazari mkali hadi kona yako ya kushoto. Toka kona ya mstari wa jiko upande mmoja hadi kona ya mshazari upande wa pili ni karibu mita 7.5, dhidi ya mita 4.27 kwa njia iliyonyooka. Mpira wa mwendo huo una muda mrefu hewani, na akiupiga kwa nguvu utatoka nje. Akiupata, mpongeze. Akiupata mara tatu mfululizo, basi sogea robo hatua.

Mnahama kiasi gani? Hatua moja ya pembeni, kati ya sentimita 60 na 90, kwa kila mpira unaobadilisha upande. Hatua fupi za kuteleza, bila kupishanisha miguu. Mmoja akihama na mwingine akabaki, katikati panafunguka kama lango la boma, na wapinzani wenye macho watapita hapo hadi giza liingie.

Nani achukue wa katikati? Kubalianeni kabla ya kuanza, si baada ya kutazamana mpira ukipita. Kama wote mnatumia mkono wa kulia, aliye kushoto ana forihendi katikati, kwa hiyo kwa kawaida ni wake. Hata hivyo, mpira ukiwa kwenye kona iliyo mbele ya aliye kushoto, yeye ana kazi ya kulinda pembeni, na wa katikati unakuwa wa aliye kulia. Mkiwa na mwenye mkono wa kushoto, akikaa kulia, forihendi zote mbili zinakutana katikati na neti yenu inakuwa ngumu kupenyeka, akikaa kushoto, katikati mna bekihendi mbili, na hapo kuita "Wangu!" mapema ni lazima. Maneno yatosha manne: "Wangu!", "Wako!", "Acha!" kwa mpira unaotoka, na "Badili!" mnapobadilishana upande.

Kwenye dinki

Dinki ni pigo laini la kutoka karibu na jiko, linalolenga kutua jikoni kwa mpinzani. Ikija fupi, mpira unadunda jikoni mbali nawe: ingiza mguu mmoja tu, wa upande wa mpira, mwingine ubaki nje kama nanga, piga, sukuma utoke. Anayeingia kwa miguu miwili hubaki humo akishangilia pigo lake, na mpira unaofuata unamkuta kifuani asiwe na ruhusa ya kuupiga hewani.

Dinki ikija ndefu, inayotaka kutua kwenye vidole vyako, kuna njia mbili. Iliyo bora ni kuinama na kuipiga hewani kabla haijatua, mkono mbele, miguu isiguse mstari. Usipoifikia, rudisha mguu mmoja nyuma kwa mshazari, uache idunde, piga, kisha mguu urudi mstarini papo hapo. Kinachoharibu mambo ni kurudi nyuma kidogo kidogo kila dinki, sentimita kumi, kumi, mpaka unajikuta mita moja nje na hukumbuki ulifikaje huko.

Jambo moja zaidi: ukimvuta mpinzani nje kabisa ya uwanja kwa dinki ya mshazari, umempa pembe. Sasa anaweza kupita pembeni mwako. Piga, na hapo hapo sogea nje kuufuata mpira. Kama huna nguvu ya kusogea, lenga katikati, kwenye miguu yao. Hakuna pigo lenye hatari ndogo kuliko hilo.

Watu huuliza pia juu ya erni, kuruka kona ya jiko na kupiga voli ukiwa nje ya mstari wa pembeni. Ni halali miguu ikitua nje ya jiko. Inafaa pale tu mpinzani anaporudia dinki ya moja kwa moja kwenye mstari huo huo. Mengine yote hapo juu yakishakaa sawa, ijaribu.

Lobu, upepo na jua

Mpira ukipaa juu ya kichwa chako, yaani lobu, usirudi kinyumenyume. Hivyo ndivyo watu huanguka na kuvunjika kifundo cha mkono wakijikinga. Geuza bega, kimbia ukiutazama mpira juu ya bega hilo. Mara nyingi mwenzako ana njia nzuri zaidi ya kuufikia kwa mshazari, akiita "Wangu! Badili!", wewe vuka upande wake. Mpira ukirudishwa dhaifu, nyote mrudi nyuma. Mmoja mbele na mmoja nyuma ni shimo la mshazari. Na ikiwa ni nyinyi mliopiga lobu ikawa fupi, msisimame kuiangalia. Hatua mbili tatu nyuma upesi, kita miguu kabla mpinzani hajapiga smashi, yaani pigo la nguvu la kutoka juu, kibao kishuke magotini.

Kisumu, upepo wa ziwa huamka mchana na kukaa mpaka jioni. Ukikupiga usoni, mipira yao inarefuka: unaokuja kwa nguvu juu ya bega lako huenda unatoka, acha upite, dinki zako nazo zisukume zaidi kidogo. Ukiwa mgongoni, lobu zao zinakufa njiani, kwa hiyo bana mstari bila woga. Upepo wa pembeni unawahamisha nyote nusu hatua kuelekea unakokwenda. Mwisho wa mchezo badilisheni pande na kubadilisha hesabu hiyo pia. Ajabu ni wangapi husahau.

Nakuru iko juu, kama mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, dhidi ya takriban 1,130 za Kisumu. Hewa ni nyepesi, mpira haupungui kasi upesi. Jozi inayopanda kutoka ziwani itaona draivu, mapigo ya nguvu yaliyonyooka, zinafika mapema na lobu zinatoka kwa nusu mita. Dhidi ya wapigaji wa nguvu, rudi upana wa kiatu kimoja, si zaidi, na uache mipira mingi zaidi ya mabegani. Asubuhi za baridi plastiki ya mpira hukakamaa na kupasuka. Uuzungushe ukiukagua kila unapobadili mwanzishaji. Jua kali la mchana huilainisha.

Jua lenyewe: ikweta inapita Maseno, karibu na Kisumu, kwa hiyo saa sita mchana liko karibu na utosi, na anayetazama juu kwa smashi hapo hapati kitu. Acha lobu hiyo idunde. Uwanja ukielekea mashariki na magharibi, kuanzia saa kumi na moja jioni anayetazama machweo hukaa kipofu. Pangeni nani aanze upande gani.

Mazoezi matatu

Kamba. Wewe na mwenzako shikeni kamba ya mita 3 kwa mikono isiyo na kibao, mkisimama mstarini. Mtu wa tatu atembee na mpira mkononi kwenye mstari wa jiko wa upande wa pili, kona hadi kona, akibadili mwendo ghafla. Hakuna kupiga. Kamba isikazike, isilale sakafuni. Dakika tano zinatosha kutoa jasho.

Vituo. Mlishaji yuko mstarini, wewe nyuma kabisa. Piga dropu, ikitua jikoni, songa hatua mbili na ukite miguu kabla hajagusa mpira. Isipotua, baki ulipo. Ukifika mstarini, rudi uanze upya. Mara kumi, kisha mbadilishane. Mlishaji ndiye hakimu wa miguu: kila akikukuta unatembea, hatua hiyo inafutwa, unarudi.

Chaki. Paka chaki nene juu ya mstari wa jiko, kisha chezeni dinki na voli tu, hadi 11. Kila baada ya pointi aliyepiga voli aangalie ncha za viatu. Nyeupe baada ya voli ni kosa, hata kama hakuna aliyeliona. Viatu vikibaki safi mchezo mzima, pima umbali wako na mstari, maana huenda umekaa sentimita 30 nyuma. Mkimaliza futeni mstari kwa kitambaa chenye maji na uukaushe, kwa sababu unga wa chaki juu ya saruji unateleza kuliko vumbi.